Kapu la Ghorofa ya Nne

Kwenye tramu ya Aleksandria, Inas alikuwa amepakata kapu lenye kamba ndefu, na mama wa makamo aliyeketi kando yake akashindwa kuvumilia.

"Unahama, mwanangu?"

"Mama yangu ndiye anayehama, shangazi. Kaka ametangulia naye nyumba ya wazee."

"Yarabi! Mama mzazi? Kwani nyie wote mmekufa?" Wala hakupunguza sauti; viti vya nyuma navyo vina haki ya kusikia.

Inas aliminya kamba. Miaka arobaini mama yake alishusha kapu hili kutoka roshani ya ghorofa ya nne, muuza mikate akatia mikate, yeye akavuta. Sasa muuza mikate ni marehemu, na mama hakumbuki.

"Anashusha kila kitu, shangazi. Bangili, funguo, dawa zake. Majirani wanaturudishia."

"Si unaona! Mtaa unamlea, wewe unamtupa."

"Siku ya Jumanne alimshusha mwanangu, humu humu kapuni. Ana miezi mitatu. Mpiga pasi wa chini ndiye aliyempokea, mtoto kalala fofofo."

Shangazi alishika kifua. Kisha akalinyooshea kapu kidole.

"Na huko kapu la nini?"

"Chumba chake kiko chini, hakuna pa kulishushia. Lakini asubuhi ataliulizia."

Tramu ilifunga breki. Inas akainuka.

"Mama hatupwi," shangazi alisema, hajakubali hata chembe, huku akichomoa mkate mmoja kwenye mfuko wake na kuutia kapuni. "Asije akalikuta tupu."