Kompta Mpya ya Gauthier

Pale kwa Dorothée, mwuza kahawa wa njia panda, benchi lilijaa kabla thermosi ya kwanza haijafunguliwa. Gauthier alikuwa anauza pikipiki yake, na desturi ya Bunia ni kwamba pikipiki haiuzwi bila mashahidi, wala shahidi haachwi bila soda ya muuzaji. Shida ilikuwa moja. Pikipiki ilipoanguka kwenye barabara ya Mongbwalu, kompta yake, kile kisaa cha kuhesabu kilometa, ilipasuka, Gauthier akafungisha mpya. Sasa ilisoma kama mashine iliyotoka dukani juzi. Mnunuzi alikuwa njiani, na hakuwa anajua.

— Nitamuambia, alisema Gauthier.

— Ayi! Usimuambie! Isidore, waliyemwita Avoka, yaani wakili, kwa kupenda kutetea, aliruka hata kahawa ikamwagika. Kompta mupya ni mugeni. Mugeni njoo, mwenyeji apone!

— Hiyo mezali inaingia wapi? Dorothée aliuliza.

— Inaingia! Mugeni haulizwe mambo ya nyumba.

— Miye niko na siansi, alidakia Abdoul, aliyeitwa Satelite kwa kudai kujua kila kitu. Kwa mulima unazima motere, piki inatelemuka yenyewe. Hiyo kilometa ni ya mulima, haiko ya piki!

— Sema, Satelite! benchi lilimhimiza.

— Ngojeni! Kwenda unaongeza, kurudi unapunguza. Huyu alirudiaka Bunia kila mara. Jumla, zero! Kompta inamuonea!

Benchi lilipiga makofi. Gauthier hakucheka. Safari ya mwisho, ile ya hospitali, alikuwa ameenda na abiria, akarudi peke yake.

Rébecca, mwuza vitenge, ndiye mnunuzi, akafika.

— Mama, angalia! Avoka alipaza sauti. Mupya kabisa! Mashahidi ni siye!

Rébecca aliisoma kompta. Kisha akainama, akagusa mipira ya kukanyagia ya abiria. Wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa umelika hata chuma kikaonekana.

— Kompta inasema hii piki haiyatembea. Sasa nani alikanyagaka hapa?

Avoka alimtazama Satelite. Satelite alitazama mbinguni.

— Bibi yangu wa ndoa, Emerance, Gauthier alisema. Alikaliaka upande, miguu yote huku. Tulienda Fataki, tulienda Kilo, kila siku ya soko. Kompta nilibadilisha, mama. Ya kweli ni huu mupira.

— Na yeye iko wapi?

Gauthier alionyesha kwa kidevu upande wa makaburi. Dorothée aliacha kumimina.

— Pole, baba, Rébecca alisema mwishowe. Tutapatana kwa bei ya mupira, haiko ya kompta.

— Sawa. Lakini mupira utaniachia.

— Spana! Satelite alipiga kelele. Nani iko na spana?

Benchi zima likainuka, kila mtu akitaka kufungua yeye. Avoka, aliyetetea kuliko wote, alikuwa wa kwanza kupiga magoti kwenye matope.

— Polepole, Gauthier aliwaambia. Musiupasule.