Ukuta wa Kona ya Mwisho

NKATHA: Haloo? Jelimo?

JELIMO: Haloo, nani mwenzangu? Sauti inakuja vipande vipande.

NKATHA: Ni mimi, Nkatha. Mbona kelele hivyo?

JELIMO: Nkatha! Ni upepo, mami. Huku ni nyasi tupu, hakuna hata mti. Ngoja nijifiche nyuma ya gari ya Papa Ignace... Haya. Unanipata sasa?

NKATHA: Nakupata. Watoto hawajambo?

JELIMO: Hawajambo, nimewaacha na katuni zao. Na wewe? Kanisani hatujakuona tangu—

NKATHA: Kazi imenibana. Si unajua benki na mwisho wa mwezi.

JELIMO: Mm. Najua.

[Upepo.]

NKATHA: Uko kwa ule uwanja mpya wa mbio, si ndiyo?

JELIMO: Ndiyo. Tunauzunguka kwa miguu, mimi na Papa Ignace. Tukiridhika, kikundi chetu cha mbio kitakuja na magari Jumamosi ijayo.

NKATHA: Na mmeridhika?

JELIMO: Tumefika nusu tu. Lakini Nkatha, kweli unataka tuongee haya mambo?

NKATHA: Si nimekuuliza.

JELIMO: Ni mzuri. Nje ya kila kona kuna changarawe, pana kama uwanja wa mpira. Gari ikiteleza inazama humo inasimama. Kuta ziko mbali. Pale zinapokaribia wamezivalisha matairi. Na ambulensi haiitwi kutoka mjini, inakaa hapa hapa, daktari ndani. Ikitoka kupeleka mtu, kila gari inasimama mpaka irudi.

NKATHA: Jelimo, nakuomba kitu.

JELIMO: Sema.

NKATHA: Waambie haufai.

JELIMO: Ati? Ebu rudia, mtandao—

NKATHA: Mtandao uko sawa. Waambie umeuona na haufai. Sema lami imepasuka. Sema chochote. Kikundi kizima kinakusikiliza wewe siku hizi.

JELIMO: Nkatha...

NKATHA: Ukiukataa, hakuna siku ya magari. Na kama hakuna siku ya magari, huyu mume wangu Bramwel anakaa nyumbani. Sikuombi kitu kikubwa.

JELIMO: Na hao wengine? Unadhani Cyrus atakunja mikono akae? Nikiukataa huu wataniambia turudi kwa ule wa zamani. Uko karibu, uko wazi kila Jumapili, na hakuna mtu anakuuliza hata kama breki zako zinashika.

NKATHA: Hawawezi. Baada ya ile ajali ya Machi, hawawezi.

JELIMO: Wawili wameshaniuliza.

[Honi upande wa Nkatha.]

JELIMO: Nkatha? Umepotea?

NKATHA: Niko. Kwani ule nao si mlisema ni mzuri?

JELIMO: Hapana. Hatukusema ni mzuri, hatukusema ni mbaya. Hatukuuangalia. Tulifika, tukavaa helmeti, tukaingia. Hakuna aliyetembea mpaka kona ya mwisho akaona kwamba baada ya lami ni ukuta wa zege. Si nyasi, si mchanga. Ukuta. Ndiyo maana siku hizi mimi natembea.

NKATHA: Mutwiri hata hakuwa anaendesha.

JELIMO: Najua, mami.

NKATHA: Ndugu yangu alikuwa amekaa tu. Upande wa abiria, kwa gari ya Bram. Bram alimwambia, twende mzunguko mmoja nikuonyeshe—

JELIMO: Nilikuwa pale, Nkatha.

NKATHA: Na ambulensi ikaja lini? Ehe? Ikaja lini?

JELIMO: Ilichelewa. Ilichelewa sana.

[Upepo. Mtu anamwita Jelimo kwa mbali.]

JELIMO: Nakuja, Papa Ignace! Dakika moja!... Samahani. Uko wapi wewe? Nasikia honi.

NKATHA: Rosettenville. Nje ya gereji ya Parfait.

JELIMO: Unafanya nini huko Jumamosi? Si Parfait amefunga?

NKATHA: Amefunga. Lakini mkewe, Victorine, yuko saluni hapo kando, yeye ndiye huwa ananifungulia geti.

JELIMO: Huwa?

NKATHA: Ile Polo nyekundu ya Mutwiri si iko huku tangu mazishi. Tuliifunika turubai, tukasema tutaiuza. Kila Jumamosi nakuja... Nakuja nakaa ndani kidogo. Redio yake bado iko kwa ile stesheni alipenda. Halafu naenda dukani, narudi nyumbani. Bram hajui.

JELIMO: Pole. Pole sana, dada.

NKATHA: Leo nimekuta turubai imekunjwa, gari haipo. Victorine anasema Bram aliichukua asubuhi, akaomba na helmeti ya marehemu iliyokuwa kwa rafu. Ndiyo maana nimekupigia. Nikasema ameshindwa kungoja Jumamosi ijayo, amekuja huko kwako kujaribu. Mwambie akuje kwa simu. Mimi simu zangu hashiki.

JELIMO: Nkatha—

NKATHA: Mpe tu simu, Jelimo. Sitamfokea.

JELIMO: Shemeji hayuko hapa.

NKATHA: Usinifiche.

JELIMO: Sikufichi kitu! Hapa tuko wawili na mlinzi wa geti. Sijamwona shemeji, na hakuna Polo nyekundu imeingia.

NKATHA: Sasa ako wapi na helmeti?

JELIMO: Ngoja. Ngoja nifikirie... Alinipigia juzi.

NKATHA: Nani? Bram?

JELIMO: Aliniuliza kama ule uwanja wa zamani bado unafunguliwa Jumamosi, na ni nani anashika funguo. Nilidhani ni maswali ya bima, nikampa jina la mlinzi. Ruphin, yule Mkongo. Sikufikiria kabisa—

NKATHA: Jelimo. Usiniambie.

JELIMO: Tulia kwanza.

NKATHA: Amechukua gari ya Mutwiri. Amechukua helmeti ya Mutwiri. Unaniambia nitulie?

JELIMO: Papa Ignace! Papa Ignace, kimbia! Nambari ya Ruphin unayo? Mpigie sasa hivi! Muulize kama Bramwel yuko kwake!... Nkatha, usikate. Anampigia kwa simu yake.

NKATHA: Naenda huko.

JELIMO: Usiwashe gari ukiwa na hofu hivyo. Ni mbali, na hatujajua kama yuko. Kaa hapo mpaka tupate jibu.

NKATHA: Aki Mungu. Aki Mungu wangu.

JELIMO: Pumua. Inaita. Namwona Papa Ignace, inaita.

[Mtandao unakwaruza.]

NKATHA: Wiki yote alikuwa mpole. Ameosha vyombo. Amepiga pasi nguo za Kendi za shule. Mtu akiwa mpole hivyo—

JELIMO: Mnaongea lakini, nyumbani?

NKATHA: Tunaongea. Umeme umerudi? Chakula kiko tayari? Mtoto ameoga? Tunaongea.

JELIMO: Na ile ya Machi?

NKATHA: Ile hatuongei. Mimi nalala na Kendi. Anaamka usiku, anatuuliza kwa Kizungu mjomba atarudi lini, na sisi tunaangaliana. Ndivyo tunavyoongea.

JELIMO: Hujawahi kumwambia?

NKATHA: Kumwambia nini?

JELIMO: Kwamba si yeye.

NKATHA: Sijui kama si yeye, Jelimo.

JELIMO: Haya.

NKATHA: Niambie wewe. Wewe ndiye unajua haya mambo ya kona. Ni yeye ama ni ukuta?

JELIMO: Unataka ukweli?

NKATHA: Nimechoka na watu wa kanisa. Niambie.

JELIMO: Aliingia kona na mwendo mwingi. Hilo ni lake. Lakini mimi pia nimefanya hivyo. Cyrus kila tukitoka anafanya hivyo. Hapa niliposimama, ukifanya kosa hilo hilo, unaishia kwa changarawe, wanakuvuta na trekta, wenzako wanakucheka mpaka jioni. Kosa lilikuwa lake. Kifo kilikuwa cha ule ukuta. Na cha sisi sote tuliopita pale asubuhi hiyo na hatukuuona.

NKATHA: [sauti chini] Wanakucheka mpaka jioni.

JELIMO: Ndiyo. Ni hivyo tu... Subiri! Ruphin ameshika! Papa Ignace, anasema nini?

NKATHA: Yuko? Yuko huko?

JELIMO: Yuko. Gari iko ndani.

NKATHA: Imegonga?

JELIMO: Hapana! Papa Ignace, muulize gari inatembea ama imesimama... Imesimama. Imezimwa.

NKATHA: Na yeye?

JELIMO: Anasema yuko kona ya mwisho, chini kwa miguu, pale ukutani. Ni mzima.

NKATHA: Anafanya nini ukutani?

JELIMO: Papa Ignace, anafanya nini?... Ruphin anasema muzee iko napanga mapine. Mapine ni nini tena? Pine... Matairi! Nkatha, anapanga matairi. Alikuja na trela imefungwa nyuma ya Polo, imejaa matairi makuukuu. Amemwaga, akaenda, akarudi na mengine. Anayapanga mbele ya ule ukuta.

NKATHA: Matairi?

JELIMO: Ndiyo.

NKATHA: Sasa? Ndiyo anaweka matairi sasa?

JELIMO: Mami—

NKATHA: Anamwekea nani? Mutwiri yuko kaburini nyumbani Meru, Jelimo! Nilimsindikiza na ndege mimi mwenyewe! Anamwekea nani matairi?

JELIMO: Lia. Lia tu.

[Kilio. Honi. Mtandao unakwaruza.]

NKATHA: Na helmeti? Kama hataki kuendesha, helmeti ni ya nini?

JELIMO: Ngoja... Ruphin anasema ameiweka juu ya ukuta. Juu kabisa, inaangalia barabara. Akichoka anakaa chini yake anakunywa maji.

NKATHA: Ee Mungu.

JELIMO: Ruphin anasema mwenye uwanja amepiga simu anataka afukuzwe. Ruphin amejifanya mtandao mbaya, amemkatia.

NKATHA: [anacheka na kulia] Mwambie Ruphin asante.

JELIMO: Nitamwambia.

NKATHA: Jelimo.

JELIMO: Naam.

NKATHA: Hayo matairi yatasaidia? Gari ikija kwa kasi?

JELIMO: Mwache tu apange, mami.

NKATHA: Umesema utaniambia ukweli.

JELIMO: Yakiwa yamewekwa tu hivyo, hapana. Yatarukaruka, gari ipite katikati ifike ukutani. Lazima yafungwe pamoja, moja na mwenzake, safu kwa safu, yawe kitu kimoja.

NKATHA: Kwa hivyo anahangaika bure.

JELIMO: Akiwa peke yake, ndiyo.

NKATHA: Nyinyi mtaenda kwa huu mpya.

JELIMO: Nikimaliza nusu iliyobaki na iwe sawa, ndiyo. Siwezi kusema haufai, Nkatha. Unisamehe.

NKATHA: Usiseme. Lakini ule wa zamani, wikendi hii kuna watu wataenda?

JELIMO: Kesho watajaa. Vijana wa Berea, watu wa Joubert Park, kila mtu mwenye gari na mguu mzito wa kukanyaga mafuta. Wanabeba mpaka marafiki zao.

NKATHA: Kwa kiti cha abiria.

JELIMO: Kwa kiti cha abiria, ndiyo. Huku kwetu nimepiga marufuku. Kule nani atawazuia?

[Mlio: tit, tit.]

JELIMO: Salio langu hilo? Ama ni lako?

NKATHA: Ni langu, linaisha. Yanafungwa na nini?

JELIMO: Nini?

NKATHA: Hayo matairi. Yanafungwa na nini?

JELIMO: Na bolti. Unatoboa tairi, unapitisha bolti, unakaza na nati. Na washa kubwa, kile kisahani cha chuma chini ya nati, raba isiimeze. Nkatha, unafikiria nini?

NKATHA: Mbele yangu kuna duka la vyuma. La yule mzee Mreno. Anashusha mlango.

JELIMO: Usiende peke yako basi. Papa Ignace anatoka sasa hivi, mimi namalizia hapa na mlinzi. Atakukuta kule ukutani.

NKATHA: Bolti ndefu ama fupi?

JELIMO: Ndefu! Kama kiganja, hata zaidi. Nkatha, nisikilize. Ukifika, utamwambia nini?

NKATHA: Sijui.

JELIMO: Usiende kumuuliza mambo ya Machi mbele ya huo ukuta.

NKATHA: Sitaki kumuuliza chochote. Hajakula huyo. Aliondoka bila hata chai, najua, kikombe chake kilikuwa kikavu.

JELIMO: Haya. Mpelekee mkate.

NKATHA: Mreno anafunga, Jelimo, anafunga! Bosi! Bosi, tafadhali, usifunge! Dakika moja tu! Nataka bolti!

JELIMO: Na drili, Nkatha! Uliza kama anaazima drili!

NKATHA: Ndefu, bosi, kama hivi! Hapana, nyingi! Nataka zote ulizo—

JELIMO: Drili! Haloo? Nkatha? Umesikia drili?... Haloo?