Daktari Mishipa Anaondoka, Wacheka-cheka Wanabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutibu vifua vya watoto, mwenzetu tunayemwita Daktari Mishipa anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Tumeombwa tuandike sisi wa chumba cha kufulia, kwa sababu madaktari wenzake wana shughuli. Shughuli hizo hazikuwazuia kuulizia keki itakatwa saa ngapi.

Alianza kazi wodi ya watoto njiti ikiwa chumba kimoja chenye hita mbovu. Kila daktari mgeni alimpa chaki achore pafu, na wote walichora mifuko miwili. Aliifuta kwa kiwiko, akawaambia mifuko wakanunue sokoni. Pafu, alisema, linakua pamoja na mishipa yake ya damu. Mishipa isipochipua, vyumba vya hewa navyo haviongezeki. Mwili una vichocheo vya kuotesha mishipa hiyo, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mara nyingi huwa navyo pungufu mapafuni. Waliokuwa wakiitikia kwa adabu mbele yake ndio waliompachika jina kantini, eti ana mishipa kichwani badala ya ubongo. Debe tupu, wahenga walimaliza.

Na sisi hakutuacha. Shuka lenye doa alilirudisha mwenyewe, amelishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Tulinuna. Mashuka yakatakata.

Mwaka juzi mwanangu, mimi ninayeshika kalamu, alizaliwa njiti, anaenea kwenye taulo la mkono. Akiwa bado kwenye oksijeni, macho yake yakaanza kuota mishipa ovyo, ikasemwa anaweza kupofuka. Akaja bingwa wa macho wa kualikwa, viatu vinang'aa kuliko maelezo yake. Alitaka kumchoma sindano ya jicho inayozuia vichocheo vile vya mishipa, amalize, awahi safari. Daktari Mishipa akamuuliza: dawa ikivuja ikaingia kwenye damu, itayafanyaje mapafu ambayo bado yanavihitaji? Bingwa akajibu kwamba mapafu si idara yake.

“Jicho na pafu ni vya mtoto mmoja, kijana wangu,” akamwambia. “Au kwenu watoto huletwa vipande vipande?”

Hakudai kujua yote. Alinieleza kwamba sindano ina watoto inaowafaa, leza ya kuichoma mishipa ya jicho nayo ina hatari zake, ila kwa mapafu ya huyu angeogopa zaidi sindano. Nikachagua leza. Alisimama kando ya mashine mpaka mwisho, akiwakemea hata waliopiga chafya. Macho yakapona. Mapafu yakabaki na kazi ya kukua, na kantini ikatabiri kwamba mtoto atazeeka na mpira wa oksijeni puani.

Wiki iliyopita, kwenye kliniki yake ya mwisho, daktari aliutoa mpira kwa mkono wake. Mtoto akakasirika, akapiga kelele mpaka mabingwa wa kantini wakaja kuchungulia dirishani. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakikushuka. Tukangoja tena, na bado hakikushuka. Kisha tukamgeukia daktari, tukisubiri neno lake la kejeli. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Asante, Daktari, kwa niaba ya kila mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki yako. Nenda kapumzike salama, uzee wako uwe mtamu.