Bi Nilza Manuel, Karani Aliyehesabu Vichwa

Bi Nilza Manuel anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuwa karani wa vikao katika ofisi ya kata yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Wajumbe wa kamati ya maendeleo waliombwa wamwandikie wasifu. Kila mmoja alikuwa na udhuru. Kazi ikaletwa kwa katibu wa baraza la wanafunzi wa sekondari.

Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Alipoanza kazi akiwa na miaka ishirini na saba, wapo waliocheka Kiswahili chake. Mwaka haukuisha, haohao walikuwa wakimletea barua zao awasahihishie.

Kwa miaka saba, kila Jumatano baada ya masomo, alikuja shuleni kutufundisha uendeshaji wa vikao. Tulijifunza kutoa hoja, kuiunga mkono na kuzungumza kupitia kwa mwenyekiti. Hoja yetu ya kwanza ilihusu mawe katika maharage ya shule. Ilijadiliwa dakika arobaini, ikapita kwa kura zote, na mawe yakapungua kweli. Mwanafunzi mwenye aibu kuliko wote alimfanya katibu, kwa sababu anayesoma muhtasari haruhusiwi kunong'ona.

Alitusisitizia akidi: nusu ya wajumbe wasipokuwepo ukumbini, kikao hakina uwezo wa kuamua kitu.

Oktoba ya mwaka juzi kamati ilikaa kuamua kuhusu kiwanja cha bweni letu la wasichana. Siku hiyo ilikuwa ya mnada wa korosho. Kama ilivyo desturi ya msimu, wajumbe walisaini mahudhurio, wakanywa soda, kisha wakapanda bodaboda kwenda mnadani. Kati ya wajumbe ishirini na wanne, kumi na watano walisaini. Kura ilipofika, Bi Nilza alihesabu tisa.

Mwenyekiti alimwambia, mbele yetu tuliokuwa dirishani, "Mama Elton, watu wamesaini. Wewe unahesabu vichwa kama mbuzi?"

Naye akajibu, "Saini haina mkono wa kunyoosha, mheshimiwa."

Akaandika kwamba akidi haikutimia. Hoja ya bweni ikaahirishwa. Januari, kiwanja kilekile kikaombwa kwa ajili ya ghala la korosho, na siku hiyo wajumbe wote ishirini na wanne walikuwepo hadi mwisho, wakalipitisha ombi. Hakuna aliyekuwa na haraka. Machi, Sabra Mussa, niliyekaa naye dawati moja, aliyetembea saa mbili na nusu kila asubuhi, akaacha shule. Sasa anaosha vyombo kwenye mgahawa Chikongola.

Lawama zote zikamwangukia karani. Wajumbe walisema ubishi wake ndio ulioua bweni, nasi tukaamini. Jumatano tatu mfululizo alikuja akakuta darasa tupu, akakaa saa nzima, akaondoka. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa maktaba akimwona. Jumatano ya nne nikaenda kumuuliza kwa nini hakuandika kumi na tano.

Alisema, "Mwanangu, bweni nililitaka kuliko ninyi. Lakini nikiwaandikia kumi na tano leo, kesho watatu watakaa na kugawa hata shule yenyewe."

Sikuridhika. Nilitamani angedanganya mara moja tu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba nilikuwa nimemkasirikia mtu pekee aliyebaki kwenye kiti chake, huku walioondoka nikiwasalimia shikamoo njiani. Mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumwomba radhi Sabra.

Bi Nilza, asante kwa mihtasari yote, na kwa Jumatano ulizokaa peke yako. Tunaomba radhi kwa hizo. Hoja ya bweni tumeirudisha, na kiwanja kingine kimeonekana nyuma ya zahanati. Itasomwa tarehe 14 Agosti. Nitaisoma mimi, bila kunong'ona. Ikipita, kwa Sabra itakuwa imechelewa. Kwa hilo wapo tunaowalaumu, lakini wewe si mmoja wao.

Nenda salama kwa mwanao Elton, Shangani. Ulale mchana, umlee mjukuu wako, na afya isikuache.