Bi Lumley na Neno Lililokataa Kwisha

Bi Hester Lumley alistaafu Ijumaa, tarehe 29 Machi 1974, baada ya miaka thelathini na mmoja katika nyumba hii ya kamusi ya Kiingereza. Wahariri walitaka kumwandikia buriani hii wao, na digrii zao. Nikakataa. Mimi ndiye bawabu, wote wamenikuta hapa, na mlangoni kwangu hapiti mtu nisiyemtaka.

Alianza na maneno madogo madogo. Alipoonekana hachoki, wakamtwisha "run". Jamani! Mtoto akikimbia, "run". Mto ukitiririka, pua ikichuruzika, soksi ikifumuka, rangi ya nguo ikichuja, mtu akiendesha duka au akigombea ubunge, yote "run". Na nchi hii ina watu wasio na shughuli, kutwa magazetini, wakitutumia kadi: nimekuta na matumizi haya.

Desturi yetu mnaijua. Neno likiisha, kadi zake hufungwa kamba, na aliyelihangaikia huziweka rafuni kwa mkono wake. Kadi ikiwahi kabla ya kamba, lazima isomwe. Bi Lumley alitaka jambo moja tu: aifunge kamba ile ndipo aende nyumbani.

Wiki ya mwisho alikuwa amekaribia kabisa. Jumanne tarishi wa posta akaleta gunia zima la kadi za "run", za kasisi mmoja wa Yorkshire. Nikaziba mlango.

"Rudi Jumatatu. Tumefunga."

"Mzee, mbona mlango uko wazi nyuma yako?"

"Wazi kwako wewe? Jaribu kupita uone."

Ningemshinda; nimeshawashinda wakubwa kuliko yeye. Lakini dirisha la juu likafunguka.

"Bwana Garside, acha ukaidi wako. Mruhusu."

"Bi Hester, neno hili litakuzika!"

"Kasisi wa watu kaandika kipupwe kizima. Mruhusu, nimesema."

Akasoma hadi macho yakawa mekundu. Ijumaa jioni mhariri mkuu akaja na kamba. Gunia lilikuwa bado nusu. Akamwambia afunge tu, nani atajua? Bi Lumley akamrudishia kamba yake.

"Neno halijaisha," akasema. "Mimi ndiye niliyeisha."

Akavaa koti. Nikamfungulia mlango mwenyewe, na mimi simfungulii mtu.

Bi Hester, ahsante kwa kazi. Lala hadi usingizi wenyewe ukukinai. Na mtu akitamka "run" mbele yako, mwache apite zake. Usimwandike.