Tusekile Ambilikile Mwakalobo (1986–2025), Aliyechunguza Mapafu ya Wanaoacha Sigara

Dada yetu Tusekile alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Talatala, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Ambilikile Mwakalobo na mama yetu Beatrice. Akiwa na miaka tisa alitupa tumbaku yote ya baba mtoni. Baba alimkimbiza kwenye majaruba ya mpunga mpaka kikohozi kikamkalisha chini.

"Nikikushika leo!"

"Hunishiki, baba. Huna pumzi."

Kisha alirudi, akamshika baba mkono, wakaenda nyumbani. Fimbo alichapwa.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa Kyela, akahitimu uuguzi mwaka 2009 na shahada ya uzamili ya afya ya jamii mwaka 2017. Tarehe 6 Oktoba 2012 alifunga ndoa na mwalimu Hezroni Mwasomola. Mungu akawajalia Naomi na Ambrose.

Mwaka 2023 alianza utafiti wake. Alitaka kujua kama kinga ya mapafu inarudi mtu akiacha sigara, au kama mvuke wa sigara za kielektroniki, ambazo wengi huzitumia ili waache, unaichelewesha. Watu sitini na wawili walimpa makohozi na damu. Mmoja wao, Mzee Salim, mwenye duka mjini, alimuuliza, "Kwa hiyo huu mvuke ni salama au si salama?"

"Sijui bado, mzee wangu. Tema hapo ndiyo nitajua."

Mwezi Mei mwaka huu mshiriki mmoja, mvuvi, alifariki kwa homa ya mapafu. Maneno yakaenea kwamba Tusekile alibeba pumzi yake kwenye chupa. Jumanne tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi, alikwenda kuwapa pole wafiwa pamoja na Mzee Salim, ambaye ndiye aliyemwingiza mvuvi yule kwenye utafiti. Uwanja ulikuwa umejaa watu.

"Huyo ndiye anayeuza makohozi yetu!"

Jiwe la kwanza lilimpasua mdomo. Alinyoosha mikono, akasema, "Nisikilizeni kwanza," wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka mbavu nne zikavunjika. Mzee Salim alimlalia ili wampige yeye. Walimvunja mkono, wakaendelea. Polisi walipofika, damu ya dada yetu ilikuwa imelowesha kanga za wanawake waliokuwa wakimvuta kumwokoa.

Ubavu ulitoboa pafu, pafu likaingia usaha. Alipumua kwa mateso siku kumi na nne. Jumapili tarehe 22 binamu zetu walisimama kando ya kitanda chake wakamwambia petroli ipo tayari na mapanga yamenolewa. Mimi, mdogo wake Lugano ninayesoma haya, nilikuwa pamoja nao. Alivuta pumzi mara tatu ndipo sauti ikatoka.

"Mkichoma hata nyumba moja, msinizike."

Alifariki Jumanne tarehe 24 Juni 2025, saa mbili asubuhi. Sampuli alizokusanya bado zinapimwa maabara. Majibu hakuyaona.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, ndugu wanne, na washiriki wake, ambao wengine wamekaa nasi hapa. Mama wa yule mvuvi naye amekuja. Naomba apewe kiti.

Tunamzika leo kwa sababu hakuna nyumba iliyochomwa. Dada yetu, lala salama.