Aili Koskela, Aliyelifunga Ziwa Rautio

Aili Marjatta Koskela, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 11 Februari 1948 kando ya Ziwa Rautio, kaskazini mwa Michigan, mtoto wa tatu wa Oskari na Senja Hautala. Anayesoma wasifu huu ni Emil Koskela, mdogo wa marehemu mumewe. Emil anaomba asikatizwe, maana kuna jambo la mwaka 1987 lililomharibia Aili jina, na lazima liwekwe sawa kabla jeneza halijatoka kanisani.

Alisoma hapa hapa Rautio hadi alipomaliza sekondari Juni 1966. Baba yake alimfundisha kutoboa barafu kwa keekee ya mkono walipokwenda kuvua, na akiwa na miaka kumi tu aliweza kutaja unene wa barafu kwa kusikiliza keekee ikizama, kabla rula haijateremshwa.

Kuanzia Septemba 1969 hadi Juni 2004 aliendesha basi la shule, bila ajali hata moja. Basi lake halikuondoka kituoni mpaka kila kichwa kiwe na kofia. Msichana mmoja alipoapa kwamba yake imepotea, Aili alivua ya kwake akamvika, kisha akashinda siku nzima amejifunga kichwani kitambaa cha kupangusia kioo.

Tarehe 22 Julai 1972 alifunga ndoa na Waino Koskela, wakajaliwa Kirsti na Reino. Zawadi ya harusi waliyojinunulia ilikuwa pikipiki ya theluji iliyokwisha tumika, na ugomvi wao wa kwanza ulikuwa nani aiendeshe. Ugomvi huo alishinda Aili. Toka hapo kila Jumamosi ya majira ya baridi yeye, Waino, Emil, Duane Perrault na majirani walishindana ziwani, na mchana walikula pasti, yaani vimkate vilivyojazwa nyama, wamekaa juu ya pikipiki zao. Kupima barafu ilikuwa kazi ya Aili. Desturi yetu ni kwamba anayepima ndiye anayevuka ziwa kwanza, peke yake. Asipovuka, hakuna mbio.

Msimu wa 1987 ulikuwa mbaya. Januari ilinyesha mvua, Februari ikawa ya jua. Kati ya mizunguko mitano ya kugombea kombe tulikuwa tumekwenda minne, na Aili alimzidi Emil pointi nne. Mzunguko wa mwisho, wa tarehe 7 Machi, ungempa mshindi pointi kumi. Ukifutwa, kombe ni la Aili.

Asubuhi ile zilipangwa pikipiki thelathini na nane. Aili alitoboa matundu kumi na manne, akarudi amebeba keekee begani.

"Leo hakuna mbio," akasema. "Pale kijito kinapoingia ni inchi tatu, tena laini kama uji."

"Dada, watu wametoka huko kote!" Duane alimaka, bendera mkononi.

"Basi warudi huko kote."

"Sema tu unamwogopa Emil!" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakaangua kicheko.

"Kombe mpeni," Aili akajibu. "Mpeni hata sasa hivi. Lakini ziwani hamwendi."

"La kupewa silitaki, shemeji," Emil akasema. "Nataka la kushinda."

Akawasha pikipiki, akampita, akateremka ziwani. Akapotelea nyuma ya rasi iliyo karibu na kijito. Watu walisubiri dakika nane. Kisha akatokea, akija ameambaa ukingoni, amenyanyua dole gumba.

"Barafu kama sakafu ya kanisa!" akapiga kelele. "Huyu mama anatuchezea!"

Injini thelathini na tano zikawaka kwa pamoja. Aili akarukia pikipiki yake, akaikingamisha katika njia pekee ya kuteremkia ziwani, akachomoa ufunguo na kuutia kifuani. Waino akaja na ya kwake, akaiegesha nyuma ya mkewe.

Wakakaa hapo saa mbili nzima. Walitukanwa na watu waliokula kwao. Mtu akarusha donge la theluji lenye barafu ndani, likampasua Aili mdomo. Akapangusa damu kwa glavu.

"Rusheni tu," akasema. "Mkono utachoka."

Saa sita mchana watu wakapakia pikipiki zao, wakaondoka wakinuna. Kombe Aili hakwenda kulichukua, na mashindanoni hakurudi tena. Kijiji kikampachika jina: Bingwa wa Nchi Kavu. Kirsti na Reino walitaniwa nalo shuleni, na Waino alikwenda kaburini mwaka 2016 akiwa bado anagombana na watu kwa sababu ya jina hilo. Kazi ya kupima barafu Aili akanyang'anywa, akapewa Emil.

Agosti 2023 Aili aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakulalamika, isipokuwa juu ya kahawa ya hospitali. Ijumaa, tarehe 10 Novemba, Emil alimpelekea kahawa ya nyumbani na mkate wa iliki, na hapo kitandani akamwambia alichokificha miaka thelathini na sita. Siku ile nyuma ya rasi barafu ilikatika chini yake. Alikaza mafuta mpaka mwisho, akanusurika, na alipogeuka aliona maji meusi, mapana kama mlango wa ghala. Aliona, na bado akarudi kusema barafu ni nzuri, kwa sababu alikwisha jigamba mbele ya watu na kumeza maneno yake hakuweza.

"Nilijua," Aili akasema. "Pikipiki yako ilikuwa inachuruzika maji, na wewe uso umekuwa mweupe kama shuka."

"Mbona hukusema, shemeji?"

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Nilikuwa nakungoja wewe." Akafumba macho kidogo. "Sema basi, Emil. Sema wakati bado nina masikio."

Emil aliahidi kusema Jumapili. Jumapili ilipofika alisimama hapa hapa, akaziona nyuso zenu, akaomba tumwombee mgonjwa, akaketi. Aili alifariki Jumatano, tarehe 15 Novemba 2023, saa kumi jioni, binti yake amemshika mkono. Kabla ya hapo alikuwa ameuliza mara mbili kama Emil amepita.

Ameacha watoto wawili, Kirsti na Reino, wajukuu watano, dada yake Helmi, na shemeji mmoja mwoga ambaye hana wa kumwomba msamaha ila watoto hawa wa marehemu. Ameacha pia Duane Perrault, aliyeketi benchi la tatu, na wote waliowasha injini siku ile, na watoto waliowazaa baadaye, na wajukuu waliotokana na hao. Hakuna hata mmoja aliyelala chini ya ziwa. Wote kati ya hao waliomo humu, tafadhali wasimame, Kirsti na Reino wawaone, maana hawa nao ni miongoni mwa aliowaacha.

Bwana ampumzishe Aili kwa amani.